Ubao wa Vipimo Juu ya Meza ya Chakula

Barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu huuliza habari za paa livujalo, kabati lisilofunga na jiko la makaa linalojaza moshi nyumbani. Barua niliyoipokea mwezi uliopita kutoka Kanombe, hapa Kigali, iliuliza mahali pa kuweka koki ya mafuta katika ndege.

Niliisoma mara mbili nikidhani ni mzaha. Haikuwa mzaha. Mwandishi wake ni askari mstaafu aliyekulia Karagwe, akarudi nchini, akatumikia miaka mingi katika kazi ya mawasiliano, na mikono yake imezoea redio, waya na chuma cha kulehemu. Mwanawe wa pili anafanya kazi Afrika Kusini. Huko yeye na rafiki zake wawili wamenunua vipande vya ndege ndogo ya viti viwili, nao wanaiunganisha wenyewe katika banda la kukodi kila mwisho wa juma. Mabawa yamekwisha, mkia umekwisha, injini ingali katika sanduku lake. Kilichobaki ni ubao wa mbele ya rubani, ule wenye saa na mishale, na hapo ndipo baba na mwana walipokosana. Mzee aliandika hivi: mwanangu anataka koki ya kubadili tangi la mafuta ikae nyuma ya bega la rubani, kwa kuwa hapo mabomba yatakuwa mafupi; mimi nimekataa, na mama yake amechoka kutusikia tukibishana kwenye simu; njoo utuamue.

Nilikwenda Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Kabla sijaeleza nilichokiona, yafaa niwatoe hofu wale wanaodhani kwamba kujenga ndege nyumbani ni wazimu mtupu. Katika nchi nyingi kazi hii inaruhusiwa kisheria, chini ya ukaguzi wa idara za usafiri wa anga, na viwanda kadhaa huuza sehemu zilizokwisha kukatwa na kutobolewa pamoja na vitabu vya maelekezo. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini, wengi wao wakiwa bado wanafunzi, waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4, kisha ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo, safari ya kilomita 12,000 iliyochukua wiki tatu, ikitua njiani Namibia, Malawi, Zanzibar, Uganda na Ethiopia. Jirani zetu wa Kenya nao wanamkumbuka Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta ambaye mnamo mwaka 2010 habari zake zilienea kwa kuunda ndege yake mwenyewe na kuitilia injini ya gari la Toyota. Hawa wawili si sawa, maana mmoja huanza na sanduku la vipande vilivyojaribiwa na mwingine huanza na fikra zake, lakini wote hufika kwenye jambo lile lile: siku moja watasimama mbele ya bati tupu la aluminiamu na kujiuliza watoboe wapi.

Katika ndege iliyotoka kiwandani swali hilo limekwisha kujibiwa na watu waliolipwa kulifikiri. Katika ndege ya nyumbani mjenzi ndiye mfalme. Anaweza kuweka dira chini ya kiti akipenda, na hakuna atakayemzuia mpaka siku ya mkaguzi. Uhuru huo ndio mtego wenyewe.

Basi nilimkuta mzee ameitandaza kadibodi juu ya meza ya chakula, ameikata kwa wembe kwa umbo la ubao halisi, kwa vipimo alivyotumiwa na mwanawe. Juu yake alikuwa amepanga miduara. Mama, ambaye vyombo vyake vilikuwa vimetekwa kwa ajili ya kazi hiyo, alinieleza kwa sauti ya kulalamika kidogo kwamba vikombe vyake vyote vya wageni vimegeuka kuwa ndege. Kwa kweli mzee alikuwa amechagua vizuri: saa kubwa za ndege hutobolewa tundu la karibu sentimita 8, na huo ndio upana wa mdomo wa kikombe cha chai. Saa ndogo zina karibu sentimita 6, na kwa hizo alikuwa amechukua vifuniko vya mitungi ya pilipili. Nampongeza. Bati likikwisha kutobolewa halizibiki, lakini kikombe husogezwa kwa kidole.

Nikamwuliza kwa nini amevipanga hivyo, maana vilikuwa katika safu mbili, vitatu juu na vitatu chini. Akajibu kwamba ameona hivyo katika picha ya kila ndege. Ni kweli, na iko sababu.

Mwanzoni marubani waliruka kwa macho na kwa makalio, kama wasemavyo wenyewe, yaani kwa kuhisi ndege inavyolala. Ndani ya wingu hisia hizo hudanganya. Ute ulio ndani ya sikio hutulia ndege ikiwa katika mgeuko mrefu, na rubani akadhani amenyooka ilhali anazunguka akielekea chini. Tarehe 24 Septemba 1929, huko Mitchel Field karibu na New York, Luteni Jimmy Doolittle wa jeshi la Marekani aliruka, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea vipimo peke yake, miongoni mwao kifaa cha kuonyesha upeo wa mbingu na ardhi, na kipima-kimo chenye usahihi ambao haukuwapo kabla yake. Tangu hapo ikajulikana kwamba mtu aweza kuongozwa na mishale. Lililobaki ni kuipanga mishale hiyo ili jicho lisipotee. Karibu na mwaka 1937 jeshi la anga la Uingereza liliweka ubao mmoja wa vipimo sita kwa ndege zake za aina mbalimbali, ili rubani anayehamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine asijifunze upya kusoma. Baadaye mpangilio ukabadilika kidogo, ukawa huu unaotumika hadi leo: upeo katikati juu, kipima-mwendo kushoto kwake, kipima-kimo kulia kwake, chini ya upeo, kifaa cha kuonyesha uelekeo. Vinne hivi hufanya umbo la herufi T. Viwili vilivyobaki, cha mgeuko na cha kupanda na kushuka, hukaa kwenye pembe mbili za chini.

Jicho la rubani hukaa kwenye upeo, hutoka kwenda kushoto, hurudi, huenda kulia, hurudi, hushuka, hurudi. Halitafuti, linajua. Askari wanaosoma ukurasa huu wataelewa upesi kuliko mimi. Mwajifunza kufungua bunduki na kuifunga tena gizani, na kila kipande hulazwa mahali pake kwa mpango ule ule ili mkono usipapase. Yule anayelaza vipande vyake kwa ubunifu wake mwenyewe ni hodari mchana tu.

Mfano mwingine uko barabarani hapa hapa mjini. Sisi tunaendesha kulia. Jirani zetu wa Tanzania, Uganda na Kenya wanaendesha kushoto. Dereva wa Kigali anayeshika gari la Dar es Salaam lenye usukani upande wa kulia hutaka kuonyesha kwamba anakata kona, na badala ya taa, vifagio vya kioo vinaanza kufuta jua. Watu hucheka. Mkono wake ulikwenda mahali ulipozoea, basi. Barabarani kosa hilo ni kichekesho. Hewani mkono uliozoea waweza kuzima injini.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa mzee lilikuwa fupi: sita hizo usiziguse, ziache kama wenzako walivyoziacha, na ubunifu wako utumie kwingine. Akafurahi, kwa kuwa mwanawe alikuwa amependekeza kipima-kimo kihamie kushoto ili kutoa nafasi ya kioo kikubwa.

Hapo tukaingia kwenye jambo la vioo. Siku hizi wajenzi wengi hawanunui saa sita. Hununua skrini moja au mbili, na ndani yake huchorwa upeo, mwendo, kimo, ramani, joto la injini na mengine. Sina ugomvi nazo. Ni nyepesi, husomeka upesi, na aghalabu watengenezaji wamehifadhi mpango ule ule, mwendo kushoto na kimo kulia. Lakini skrini hula umeme, na umeme hukatika angani kama unavyokatika mtaani. Nilimshauri mzee abakize saa tatu ndogo zisizohitaji hata waya mmoja: kipima-mwendo kinachosukumwa na upepo uingiao kwenye kijibomba cha nje, kipima-kimo kinachosukumwa na uzito wa hewa, na dira ya sumaku. Na zisiwekwe pembeni kabisa mbele ya abiria, kama nilivyoona katika picha moja aliyonionyesha, kana kwamba ni mapambo. Siku zitakapohitajika, rubani atakuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huona kilicho mbele ya pua yake tu. Ziwe upande wake, chini kidogo ya mstari wa macho. Skrini nayo ijaribiwe juani. Kwa nchi zetu za karibu na ikweta jua la saa sita hupiga kutoka utosini kupitia paa la kioo, na skrini iliyong'aa dukani hugeuka kioo cha kujitazamia. Rangi ya ubao iwe nyeusi au kijivu isiyong'aa.

Kuhusu dira, mzee hakuhitaji mwalimu. Fundi wa redio anajua spika ni sumaku, akaiweka mbali. Ila mwanawe alikuwa amechora, karibu kabisa na dira, kishikio cha simu chenye sumaku. Tukakifuta kwa kalamu ya mama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kitabu cha maelekezo kilichoandikwa pwani hakilielezi vya kutosha, nalo ni urefu wa nchi hii. Kijana anasema ndoto yake ni kuileta ndege hiyo Kigali. Uwanja wetu wa Kanombe uko takriban mita 1,490 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyembamba. Akikaa katika ndege Mombasa kabla ya kuwasha injini, geji inayopima msukumo wa hewa ndani ya injini husimama karibu na 30. Akikaa Kigali geji hiyo hiyo husimama karibu na 25, na asiyejua atadhani imeharibika. Injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa haiwezi kupata zaidi ya hapo hata rubani asukume mkono wa nguvu mpaka mwisho. Kwa hiyo pale anapochora mistari ya rangi kwenye geji zake ya kuonyesha panapofaa na panapotisha, akumbuke kwamba geji itasomwa pia katika nchi za milima.

Kipima-mwendo nacho kina jambo lake. Mshale wake husukumwa na hewa. Hewa ikiwa nyembamba husukumwa kidogo. Mistari ya rangi juu yake, mweupe wa flapu, kijani cha mwendo wa kawaida, njano ya tahadhari na mstari mwekundu wa mwisho, haibadiliki, na rubani hutua kwa mshale ule ule aliouzoea. Lakini mshale ukisema 100 katika siku ya joto hapa Kigali, ardhi inapita chini ya magurudumu kwa karibu 110. Macho yatamwambia anakwenda mbio, atataka kupunguza, na akipunguza ndege itaacha kubebwa na mabawa. Ndiyo sababu kipima-mwendo hakipaswi kufichwa na mkono wa usukani, wala na goti, wala na karatasi ya ramani. Nilipokaa kwenye kiti cha meza na kushika mwiko kama usukani, niligundua kwamba ngumi yangu ilikifunika kikombe cha mwendo chote. Tukakipandisha sentimita 3.

Kipima-kimo kina dirisha dogo ambamo rubani huingiza uzito wa hewa wa siku hiyo. Katika viwanja vya pwani wako wanaopenda kuingiza tarakimu itakayofanya mshale usome sifuri ndege ikiwa chini. Hapa kwetu hilo haliwezekani kwa vipima vingi, maana uzito wa hewa wa Kanombe ni karibu hektopaskali 850, na dirisha halishuki kufikia hapo. Hapana budi kusoma kimo kutoka usawa wa bahari, na kukumbuka kwamba ardhi yenyewe inaanzia karibu futi 4,900, na vilima vinavyozunguka mji viko juu zaidi. Na kwa kuwa kipima-kimo cha kale kina mishale mitatu, mmoja wa mamia, mmoja wa maelfu na mmoja wa makumi elfu, kosa la kusoma futi 1,000 zaidi ni rahisi mno. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Marekani, Fitts na Jones, walichapisha uchunguzi wa makosa 270 ya marubani katika kusoma vipimo, na vipimo vya kuzunguka mara nyingi kama hiki vilijitokeza sana. Futi 1,000 ni mita 300 hivi. Mtu wa Kigali hahitaji kuelezwa kilima cha mita 300 ni kitu gani.

Baada ya macho, mikono. Hapa ndipo ugomvi wa nyumba ile ulipolala, nami nitaueleza kwa urefu.

Katika vita vya pili vya dunia ndege kubwa za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zikifika salama, zikatua, kisha rubani akakunja magurudumu badala ya flapu na ndege ikalala kwa tumbo. Makamanda walisema ni uzembe. Mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Alphonse Chapanis, akaenda kutazama ndani ya ndege, akakuta swichi mbili zilizofanana kabisa, zimekaa bega kwa bega. Dawa yake ilikuwa ya kitoto: kwenye mkono wa magurudumu kikafungwa kigurudumu kidogo cha mpira, na kwenye mkono wa flapu kikafungwa kipande chenye umbo la bawa. Mkono ukaona bila macho. Hadi leo mikono ya injini hutofautishwa kwa umbo na kwa rangi: mweusi wa nguvu, wa buluu wa pangaboi, mwekundu wa mchanganyiko wa mafuta. Mjenzi asiseme kwamba ndege ni yake hivyo atachagua rangi za timu yake ya mpira.

Niliposema hayo mzee akaniuliza, "Na koki je?"

Nikawaeleza habari ya John Denver, mwimbaji mashuhuri wa Marekani. Mama alizijua nyimbo zake kwa redio ya zamani, akaketi. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji huyo alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa peke yake katika ndege ndogo aina ya Long-EZ aliyokuwa ameinunua siku chache tu kabla. Ndege hiyo haikutoka kiwandani. Ilijengwa na mtu binafsi kwa kufuata michoro ya Burt Rutan. Michoro iliweka koki ya kubadili tangi mbele, katikati ya miguu ya rubani. Mjenzi akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Sikilizeni vizuri kwa nini: hakutaka mabomba ya mafuta yapite mahali anapokaa mtu. Ilikuwa nia njema kabisa, na ni nia ile ile ya kijana wetu.

Denver hakuwa mwanagenzi. Alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za kuruka. Siku ile kabla ya kuondoka yeye na fundi walihangaika na koki hiyo. Mkono wake ulikuwa mgumu kufikiwa. Walijaribu kuurefusha kwa koleo, haikufaa. Fundi akampa kioo kidogo cha mkononi ili aweze kutazama geji za mafuta zilizokuwa nyuma yake. Aliambiwa habari ya kuongeza mafuta, akasema hahitaji, angeruka saa moja tu. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipotoa maelezo yao mwaka 1999 walionyesha jambo ambalo ningependa kila fundi alijaribu kwa mwili wake: ili kuifikia koki ile, rubani alipaswa kuachia usukani, kugeuka kiwiliwili chote kushoto na kupeleka mkono wa kulia nyuma ya bega. Mtu akijipinda hivyo, mguu wake wa kulia hunyooka wenyewe kwa kujikaza. Na mbele ya mguu wa kulia liko kanyagio la mkia.

Mama alijipinda palepale kitini bila kuambiwa. Akatazama mguu wake. Akasema, "Yesu wangu."

Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema jambo lililonifurahisha kwa kuwa lilikuwa la haki: "Lakini kijana naye ana hoja. Mimi mwenyewe sipendi petroli ipite magotini mwa watu."

Ni kweli, ana hoja, na ubishi wao ulikuwa umekwama kwa sababu kila mmoja alidhani lazima achague kati ya moto na mkono mfupi. Hakuna lazima hiyo. Koki yaweza kubaki nyuma au chini, pale mabomba yalipo mafupi, na mkono wake ukaletwa mbele kwa fimbo nyembamba ya chuma yenye kiungo cha kukunja kona. Mafuta hayasogei, kinachosogea ni amri. Mafundi wa magari wanaijua njia hii kutoka kwenye gia. Fimbo iwe ngumu isijisokote, na iungwe kwa pini isiyoteleza, maana mkono ukigeuka bila koki kugeuka, hilo ni baya kuliko lile la kwanza. Kidole cha mkono huo kielekee upande wa tangi linalotumika: kushoto ni kushoto, kulia ni kulia. Geji ya tangi la kushoto ikae kushoto, na ya kulia kulia, mbele ya macho, si nyuma ya kisogo. Na mahali pa kuzima pawe na kizuizi, kwamba hapafikiwi mpaka mtu ainue kitufe kwanza, asije akazima mafuta akidhani anabadili tangi.

Tulimpigia kijana simu jioni ile ile. "Shikamoo Baba, shikamoo Mama," akasema, na mara akaanza tena habari ya mabomba mafupi. Mama akamkatiza. Hakumhubiria. Alimwambia hivi: "Mwanangu, nenda ukakae katika kiti chako, ufunge mikanda yote, rafiki yako apige magoti atazame miguu yako, kisha ushike koki hiyo mahali unapotaka kuiweka. Ukimaliza utuambie alichokiona." Akakata simu. Sisi wanaume wawili tulikuwa na hoja kumi, lakini hakuna iliyokuwa fupi kiasi hicho.

Huku tukisubiri, tuliendelea na kadibodi, na nitataja tuliyoyafanya kwa kuwa anayejenga mashua, trekta au hata meza ya fundi cherehani aweza kuyatumia. Tuliisimamisha kadibodi mbele ya kiti kwa urefu halisi, tukamfunga mzee kwa kanga mbili badala ya mikanda, na kumfumba macho kwa ya tatu. Mimi nikataja kifaa, yeye akaweka kidole. Mara ya kwanza alikosa vitano katika kumi na viwili. Swichi ya pampu ya mafuta aliikosa kila mara kwa kuwa ilikuwa katikati ya swichi nne zinazofanana, basi tukaitenga na kuipa mdomo mrefu zaidi. Swichi ya kuwasha injini tuliitoa karibu na goti la abiria, maana watoto hukaa kiti hicho. Tulizima taa za chumba na kujaribu kwa kurunzi. Tuligeuza kadibodi nyuma na kujiuliza mkono wa fundi utapita wapi waya ukikatika. Mzee, aliyelala miaka mingi chali chini ya magari ya jeshi, alitaka ubao mzima ufunguliwe kwa skrubu nne na kulala mbele, waya zikiachwa na urefu wa kutosha. Ni shauri la dhahabu. Fyuzi tukaziweka mahali mkono wa rubani unapofika, tukaandika karibu na kila moja kazi yake.

Katika maandishi tulikawia. Mwana hutumia Kiingereza, baba Kiswahili, na mama akikasirika huhamia Kinyarwanda. Tulikubaliana kwamba maandishi ya ubao yawe ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya vitabu vya ndege hiyo na ya wakaguzi, lakini kitasa cha mlango na kifungo cha mkanda wa abiria viandikwe pia Kiswahili na Kinyarwanda. Abiria wa kwanza, wanasema, atakuwa mama. Yeye bado hajakubali.

Baadhi ya vitu tuliviondoa kabisa. Saa ya pili ya joto, kipima-umeme cha ziada, mahali pa kuchezea muziki. Kila kilo inayowekwa ubaoni hulemea pua ya ndege na mfuko wa mwenye nayo, na kila mshale usio na kazi huiba jicho kutoka kwa mshale wenye kazi.

Jumatano jibu lilikuja, si kwa kijana mwenyewe bali kwa rafiki yake aliyepiga magoti. Alisema kijana alijifunga mikanda, akajipinda, akaifikia koki kwa ncha za vidole, na kanyagio la kulia likaenda mbele upana wa kiganja. Walirudia mara tatu. Mara ya tatu kijana alijua anatazamwa na akajitahidi mguu usisogee, nao ukasogea vilevile, kidogo zaidi ya nusu. Wameagiza fimbo ya chuma na viungo viwili. Rafiki akauliza kama mzee anaweza kuwatumia ile kadibodi, kwa kuwa yao wameichora upya kwa kompyuta lakini hawana yenye alama za mikono.

Mzee ameikunja na kumpa jirani anayesafiri kwenda Johannesburg. Ina doa la chai pale panapopaswa kukaa kipima-kimo, na mviringo wa doa hilo una sentimita 8 kamili.